Neno Lisilosemwa Kisimani

Siku ya 1 ya vumbi

Mchanga umo ndani ya wino, umo ndani ya mkate, umo katikati ya magego yangu, nami naandika huku nikiutafuna. Chuo kimefunga malango kama kifanyavyo kila mwaka pepo zinapoanza na malori yanapoacha kusafiri. Siku tisini. Wenye kwao wamekwenda kwao. Mimi niliyeongoza mgomo wa mwisho nikiwa nimesimama juu ya meza ya bwalo, niliyepachikwa jina la Kipaza kwa sababu koo langu halihitaji chombo cha kulikuza, sina pa kwenda ila kwa dada ya baba yangu, hapa Kisima cha Saba: nyumba mia tatu zilizojikunyata kuzunguka bomba moja. Baada ya nyumba ya mwisho ni mchanga mtupu hadi dunia inapoishia, maana dunia yote sasa ndiyo hiyo.

Nilipokuwa nikiipita foleni ya maji nikiiulizia nyumba yake, nilitema mchanga ulionijaa kinywani. Wanawake walishtuka kana kwamba nimevua nguo hadharani. Shangazi alitoka mbio, akanishika ukosi.

"Meza!"

"Nimeze mchanga, Shangazi?"

"Meza, mwanangu. Hapa hilo halifanywi. Wala halitajwi."

Hayo ndiyo makaribisho yangu. Nimesoma miaka mitatu ili nije kufundishwa kumeza.

Siku ya 2

Nimeishuhudia kazi ya Shangazi, nimerudi nimechukizwa.

Yeye ndiye mwonjaji wa kisima. Kila asubuhi Koleo, fundi wa pampu, husukuma mpini mpaka bomba likohoe, na yale yanayotoka mwanzo kabisa, ambayo hapa huitwa maji ya kwanza, huingia katika kata ya bati. Mkaguzi wa Mamlaka ya Visima husimama na daftari lake. Foleni nzima hunyamaza. Shangazi hupiga funda moja, hulizungusha kinywani, humeza, hujifuta kwa kitambaa, kisha hupanua kinywa kama punda anayekaguliwa mnadani, na Mkaguzi huchungulia humo kwa kurunzi. Ndipo Shangazi anaposema, "Yamekubali," muhuri unagongwa, na watu wanaanza kusukumana na madumu yao.

Mkaguzi mwenyewe hunywa kutoka chupa yake, ambayo ameitia kufuli.

Nauliza: dola iliyoziacha maabara zake zifukiwe na mchanga ina haki gani ya kuufanya ulimi wa mwanamke mmoja kuwa kipimo cha uhai wa watu elfu mbili? Nilimuuliza Koleo swali hilo. Alikuwa akifunga nati, hakuinua kichwa.

"Msomi, sheria ni fupi. Akimeza, kisima kinaishi. Akifanya lile jingine, au mtu wa nyumba yake akishuhudia kwamba kalifanya, kisima kinafungwa siku ileile na mtaa unahama."

"Lile jingine lipi? Kutema?"

Aliangusha spana. "Wee! Unataka kutuua? Hilo si neno hapa. Hilo ni hukumu."

"Na mtaa unahamaje, malori yakiwa yamesimama?"

"Kwa miguu. Kisima cha Tano walihama kwa miguu vumbi la mwaka juzi." Akaokota spana, akaipuliza mchanga. "Ukikutana nao popote, wasalimie."

Watu wazima, wenye ndevu, wamefungwa midomo na kitenzi kimoja! Neno ni pumzi tu. Aliyeligeuza neno kuwa pingu ndiye wa kuogopwa, na wanaoivaa pingu hiyo ndio wa kuonewa haya.

Siku ya 3

Vumbi.

Siku ya 6

Vumbi. Nimeoga kwa mchanga, kama kuku.

Siku ya 9

Leo nimegundua uozo wa kwanza. Kila wiki Mamlaka humpa mwonjaji dumu moja la maji yaliyochujwa, meupe kama kioo, ili ulimi wake usichafuke. Yanaitwa maji ya ulimi. Aliyenieleza ni Mama Pacha, jirani mwenye watoto mapacha mgongoni na kifuani, tena alinieleza kwa fahari, kana kwamba maji hayo anayanywa yeye.

"Anastahili, mwonjaji wetu," alisema. "Mungu ampe umri."

Ndivyo anavyosema mtumwa akipewa habari za chakula cha bwana wake. Foleni hii inanichefua kuliko uvundo wake: inanung'unikia vumbi, inanung'unikia jua, lakini ikimwona mwenye dumu safi inamwombea dua.

Nimelitafuta dumu hilo kwa macho nyumba nzima. Chumba kimoja, kitanda kimoja, stuli, mtungi wa kunywea karibu na mkeka wangu. Silioni. Mimi na yeye twanywa ya mtungini, maji ya kisima kama kila mtu, ingawa nakiri mtungi huu huyapoza vizuri mno, mpaka ile chumvi wanayoilalamikia kwenye foleni mimi siionji.

Siku ya 13

Uozo wa pili. Muhuri ukishagongwa na Mkaguzi akishageuza kisogo, Koleo humwaga madumu mawili ya mwanzo katika birika la kufulia, kisha ndipo foleni huanza. Madumu mawili! Katika dunia ambayo watu hulamba umande kwenye bati! Nilipomuuliza alisema ni desturi. Neno hilo, desturi, ndilo turubai linalofunika kila taka.

Siku ya 17

Sasa najua, na laiti nisingejua.

Nilisimama ubavuni mwa pampu badala ya mbele, mahali ambapo foleni haioni. Shangazi alipiga funda. Koo lake lilicheza kidogo. Kisha kitambaa kikaenda mdomoni kabla hajapanua kinywa, kama siku zote, lakini kikakaa pale kitambo kirefu kuliko cha kufuta mdomo. Kilipotoka kilikuwa kimelowa.

Nyumbani nilikikuta kimeloweshwa ndani ya ndoo nyuma ya mlango. Maji ya ndoo yalikuwa na rangi ya kutu.

Hamezi. Mwonjaji wa Kisima cha Saba hamezi! Anawaonyesha watu kinywa kitupu kilichomwagwa ndani ya kitambaa, anapokea dua zao, kisha anakuja kujinywea ya ulimi mahali nisipopaona. Na huyu ni damu ya baba yangu. Nilitoka nje nikatapika, nikayafukia matapishi kwa mguu, maana hata kutapika hapa huna budi kujificha.

Siku ya 24

Nilimkabili wakati wa chakula cha mchana.

"Shangazi, maji ya ulimi unayaweka wapi?"

"Yanakaa panapostahili."

"Nani anayanywa?"

"Kipaza, kula."

"Wewe mbona huli?"

"Meno yananisumbua. Uzee huo."

"Uzee, au shibe?"

Alicheka, akafunika mdomo kwa kiganja. "Baba yako naye alikuwa hivihivi. Akikosa adui, anagombana na stuli."

Siku hizi hufunika mdomo kila anapocheka. Aibu inajua njia yake. Akanisogezea mtungi. "Kunywa, koo lisikauke. Utaongea na nini?"

Nikanywa. Nilimtazama moja kwa moja usoni huku nikinywa, nikimdharau.

Siku ya 31

Vumbi.

Siku ya 32

Vumbi. Kucha za Shangazi zimekuwa nyeusi. Hata kujisafisha ameacha.

Siku ya 39

Mchana umekuwa giza saa tatu mfululizo. Paa la jirani limeondoka. Mkaguzi alikuja na miwani ya vumbi, akagonga muhuri, akaondoka akipangusa viatu. Shangazi alikwenda pampu na kurudi akiegemea ukuta. Nilimpa mkono kwa sababu nimelelewa, si kwa sababu nilitaka. Mkono wake una harufu ya sarafu ya zamani.

Siku ya 46

Ninaandika hotuba. Nimeifuta mara nne. Lazima iwe fupi, iwe na mapigo, iishie na pigo ambalo hata mapacha mgongoni watalikumbuka.

Siku ya 52

Leo sitaandika kwa ufundi.

Asubuhi, Shangazi alipokwisha kusema "Yamekubali," kabla muhuri haujagongwa, nilipanda juu ya pipa tupu karibu na pampu. Upepo ulikuwa umetulia kidogo. Nilikuwa na watu kama mia nne mbele yangu, nyuso zimefungwa vitambaa, macho tu. Sijawahi kupata umati msikivu kama ule.

Nilisema: Ndugu zangu, mnakunywa kwa imani, na imani yenu inanywewa na wengine. Nilisema: kuna maji meupe katika mtaa huu na hamjawahi kuyaona. Nilimnyoshea kidole mwanamke aliyenipa kitanda chake akalala mkekani usiku nilipofika. Nikasema, na maneno yalikuwa yakinijia kama farasi waliokwisha kuijua njia: "Anawaonyesha kinywa kitupu, lakini kitambaa hakidanganyi! Haonji, anatema! Hamezi, anatema!"

Nilisubiri sauti. Nimezoea sauti. Badala yake niliona Mama Pacha akipiga magoti taratibu, mtoto mmoja mbele na mmoja nyuma, kama mtu aliyekatwa mishipa.

Mkaguzi alilaza muhuri. Akafungua ukurasa mwingine wa daftari.

"Rudia," alisema.

Na mimi, Mungu wangu, nilirudia. Nilidhani ninaulizwa kwa sababu nimeshinda.

"Wewe ni mtu wa nyumba yake?"

"Mimi ni mtoto wa kaka yake."

"Shahidi wa nyumbani," alisema huku akiandika, sauti yake haina hata chumvi, "ameshuhudia mara mbili, mbele ya watu, kwamba kisima kimetemwa. Kisima kinafungwa leo. Mtaa utahama kesho alfajiri."

"Sikumaanisha..." nilianza.

"Daftari halina safu ya ulichomaanisha."

Ndipo vilio vilipoanza. Mzee mmoja alikaa chini mchangani, akaanza kuvua viatu na kuvitazama nyayo, kama anayepima vitafika wapi. Koleo aliniangalia kwa namna ambayo sitaki kuielezea.

Shangazi hakulia wala hakunitazama. Alikikunja kitambaa, akakiweka juu ya pampu, mbali na mkono wake.

"Naomba kata," alisema.

Mkaguzi alikunja uso. "Mama, unaijua hesabu yake?"

"Naijua. Mwonjaji aliyeshtakiwa anaweza kujibu kwa kata tatu za maji ya kwanza, zikiwa zimejaa, bila kitambaa. Ni sheria yenu hiyo, bwana. Mimi sikuitunga."

Koleo alikataa kusukuma mpini. Alisema, "Dada, usifanye hivyo." Shangazi alimjibu, "Sukuma, Koleo. Jua linapanda na watu wana kiu."

Alikunywa ya kwanza. Alikunywa ya pili kwa mafunda madogomadogo, koo likipanda na kushuka, hakuna aliyekuwa na haki ya kulitilia shaka. Ya tatu alisimama nayo kitambo, ikamtetemeka mkononi, tone moja likamwagika, akainama akalichota na mchanga wake akalitia kinywani ili hesabu itimie. Akamaliza. Akapanua kinywa. Mkaguzi alichungulia na kurunzi yake kwa muda mrefu kuliko siku zote, na nilimwona akimeza mate, yule mtu mwenye chupa ya kufuli.

"Yamekubali," alisema Shangazi.

Muhuri ukagongwa. Foleni haikusukumana leo.

Siku ya 53

Koleo alinijia mlangoni. Hakuingia. Alikuwa na kitambaa kile mkononi, amekikung'uta na kukikunja vizuri.

"Nusa."

Nikanusa. Sarafu ya zamani.

"Damu," alisema. "Ya fizi. Anaifuta kabla hajapanua kinywa, kwa sababu Mkaguzi akiona damu anafunga. Hajawahi kuacha tone la maji kwenye hiki kitambaa. Anameza, Kipaza. Tangu siku ya kwanza anameza."

Alinieleza kila kitu kwa sauti ya mtu anayemwelekeza mgeni njia. Kisima kimeoza chini. Sumu hushuka na kutulia bombani wakati pampu imelala, na asubuhi hutoka yote pamoja na maji ya kwanza. Madumu mawili yakishamwagwa, yanayofuata yana chumvi lakini hayaui mtu. Ila sheria inataka kipimo kiwe maji ya kwanza kabisa, mbele ya Mkaguzi, kabla hata tone halijamwagwa. Kwa hiyo kila asubuhi mtu mmoja lazima ainywe sumu ya mtaa mzima.

"Mpaka lini?"

"Mpaka siku ya tisini. Malori yakishafika, kisima kikifungwa, sheria inawalazimu watu wa Mamlaka watupakie. Alitaka atufikishe huko tu, kisha siku hiyo afanye lile jingine. Tulilipanga mimi na yeye."

"Mbona hamkuniambia?"

Alinitazama kwa mshangao wa kweli.

"Wewe si Kipaza?"

Alipokuwa akigeuka nikamuuliza kuhusu maji ya ulimi. Alinyosha kidole ndani ya chumba, kwenye mtungi ulio karibu na mkeka wangu.

Siku ya 54

Waliosema heri kujikwaa kidole kuliko ulimi walilijua hili zamani sana. Niliambiwa siku ya pili. Nililijua neno lile na uzito wake, na nililitumia kwa sababu lilikuwa na mapigo mazuri.

Nimekuwa nikichukizwa na kila mtu hapa kwa siku hamsini. Sikuwa na hamu ya kujichunguza mwenyewe, kwa maana nilikuwa nikinukia maji safi.

Siku ya 55

Nimemwaga mtungi ndani ya kikombe chake. Amekataa. Tumeshindana. Amekunywa nusu.

Siku ya 57

Bado anakwenda pampu kila asubuhi. Namshika kiuno. Foleni inatupisha. Hakuna anayenitukana, na hilo ndilo gumu zaidi.

Siku ya 60

Hawezi kukaa. Alasiri aliniita nisogee.

"Nilisikia hotuba yako," alisema. "Nzuri. Sauti inafika."

"Shangazi, nisamehe."

"Kukusamehe ni rahisi. Nina kazi ngumu kuliko hiyo ya kukupa." Alipumzika. "Nikifa, mtu wa nyumba yangu ndiye anayeshika kata. Asipokuwepo, wanafunga. Mimi sina mtoto."

"Najua."

"Hujui. Ukiweka chini ya ulimi, unachubuka. Peleka nyuma moja kwa moja. Kabla ya hapo kula kipande cha mkate, tumbo lisiwe tupu. Kitambaa utumie cheusi. Mimi nilikosea, nilitumia cheupe." Akacheka, na mara hii hakufunika mdomo, nikaona. "Kwa kupenda usafi tu, mwanangu."

Siku ya 61

Shangazi amefariki saa nne asubuhi, baada ya kuonja mikononi mwangu, akiwa amekwisha kusema neno lake.

Tulimzika mchana. Kaburi la mchanga halichimbiki, linajifukia lenyewe. Koleo alizungushia mabati.

Siku ya 62

Mkaguzi aliniuliza uhusiano wangu na marehemu, ingawa anaujua. Koleo alisukuma. Bomba likakohoa.

Yana ladha ya msumari na ya kitu kilichokufa kitambo. Mwili mzima unakuambia uyarudishe. Nikayapeleka nyuma moja kwa moja. Nikajifuta kwa kitambaa cheusi. Nikapanua kinywa mbele ya watu mia nne wale wale, na kwa mara ya kwanza maishani nilisimama mbele ya umati, kinywa wazi, pasitoke kitu.

Siku ya 63

Nimemeza.

Siku ya 64

Nimemeza.

Siku ya 70

Nimemeza. Maji ya ulimi ya wiki hii nimempelekea Mama Pacha kwa ajili ya watoto. Aliyapokea, akaniangalia, akasema, "Mungu akupe umri." Nilikimbia kabla hajaona uso wangu.

Siku ya 78

Vumbi zito. Kucha zimeanza kuwa nyeusi. Koleo amenieleza, huku akicheka kwa uchungu, kwamba kuna kijana katika foleni anawanong'oneza wenzake eti mwonjaji mpya anakawia mno na kitambaa.

"Nimfunge mdomo?"

"Mwache," nilimwambia. "Ila mwambie neno moja asilitaje."

Siku ya 85

Nimemeza. Fizi.

Siku ya 89

Upepo umekufa. Kwa mara ya kwanza nimeuona mchanga ukiwa umelala, mwekundu, bila mwisho. Si mzuri. Nimemeza.

Siku ya 90

Tumeyasikia kabla ya kuyaona. Malori kumi na moja, yakaja yakapangwa nyuma ya nyumba ya mwisho, injini zikinguruma, madereva wakijipangusa shingo. Foleni ilikuwa ndefu kuliko siku zote, lakini madumu yalikuwa machache. Niliona mabegi. Niliona magodoro yamefungwa kamba. Koleo alikuwa amewapitia wote, nyumba kwa nyumba.

Mkaguzi naye aliyaona mabegi. Alitazama malori, akanitazama mimi, akafungua daftari.

Koleo akasukuma. Nilipokea kata, nikapiga funda la maji ya kwanza, nikalishika kinywani. Nilikuwa nimeandaa maneno. Siku ishirini na tisa nilikuwa nimeyaandaa, yana mapigo, yana jina la Shangazi ndani yake. Sikuyasema.

Nimetema.